Gambuti za Katoro Zapanda Rwenzori

Kwa mtu wa Geita mlima ni kitu cha kutobolewa. Ukimwona amesimama chini ya kilima anakitazama kwa macho ya huba, usidhani amevutiwa na mandhari. Anapiga hesabu ya matimba, kamba na siku za kuufikia mwamba. Kwa mtu wa Kishapu, mkoani Shinyanga, mlima ni habari za watu wa mbali. Kule nchi imelala chali, na anayetaka kuona ng'ombe wake wamefika wapi hupanda mbuyu. Shemeji yangu kazaliwa Kishapu na anachimba dhahabu jirani na Katoro, kwa hiyo amebeba dharau zote mbili kwa pamoja: mlima ni mali iliyokaa kizembe, tena hauna faida kwa mifugo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka kidato cha tatu wakifika kwenye mada ya barafu, huchora ubaoni bonde lenye umbo la herufi U, kilele chenye ncha, na chini ya kilele kiduara ninachokipaka chaki ya buluu. Hicho ndicho ziwa la barafu. Nje ya dirisha jua linachoma mabati, vumbi la malori ya mawe linaingia bila kubisha hodi, na mbele yangu wameketi vijana ambao barafu pekee waliyoishika maishani ni ile ya kwenye kimfuko cha nailoni, yenye ladha ya ubuyu. Vitabu vyetu hutaja Mlima Kenya na Rwenzori, lakini picha huwa za Uswisi. Wanafunzi hunakili kila kitu, pamoja na ng'ombe wa Uswisi mwenye kengele shingoni, ambaye hayumo kwenye mtaala.

Safari yenyewe ilitokana na dada yangu. Mwaka ule duara la shemeji, yaani shimo lake la dhahabu, lilitema. Si la kujenga ghorofa, ila lilitema vya kutosha kumfanya mtu aanze kuitwa "mkurugenzi" na watu asiowajua. Dada anaifahamu Katoro, na anamfahamu mumewe. "Hela ya duarani ina miguu," alisema. "Basi itembee na mwalimu. Ikirudi itakuwa imechoka, itakaa nyumbani." Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikapendekeza Rwenzori, upande wa Uganda, kwa sababu kutoka Geita ni mpaka mmoja tu wa kuvuka. Shemeji aliuliza swali moja.

"Kuna mawe?"

"Ni mawe matupu."

"Twende."

Maandalizi yalitutofautisha mapema. Nilipata orodha ya vifaa, nikaifuata kwa nidhamu ya mtumishi wa umma. Viatu vya kupandia milima nilivipata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, Mwanza. Ngozi nene, kamba nyekundu, soli yenye meno. Muuzaji aliapa kwamba viatu vile vimepanda milima ya Ulaya, nami hadi leo sina sababu ya kumtilia shaka. Vilikuwa vimepanda, vimeshuka, na vimestaafu.

Shemeji hakusoma orodha. Alikuja na gambuti zake za kazini, tochi ya kufunga kichwani, kofia ngumu, koti refu la mvua, kamba ya manila, vipande vya mpira wa tyubu ambavyo mchimbaji havimtoki mfukoni, na kiroba cha matobolwa na karanga. Ndani ya gazeti alikuwa amefunga moko wake, kile chuma cha ncha cha kupasulia mwamba. Nilimwambia tunakwenda kutembea. Akaniambia hata yeye anatembea, ila hawezi kutembea mikono mitupu kwenye mawe ya watu.

Barabara naipita haraka, maana ilikuwa nzuri na haina kichekesho: Biharamulo, Bukoba, Mutukula, kisha Masaka na Mbarara hadi Kasese. Mutukula mtu wa mizigo alifungua gazeti, akautazama moko, akamtazama shemeji, akamwuliza ni wa nini. Shemeji akamjibu kwa heshima zote kwamba ni kalamu yake. Moko ukabaki kwa mama mmoja muuza chai upande wa Tanzania, kwa makubaliano kwamba asiutumie kupasulia kuni. Karibu na Kasese tukavuka mstari wa Ikweta, nikamwonyesha shemeji kibao chake na kumweleza kwamba barafu tunayoifuata iko mwendo mfupi kutoka hapa. Alifungua vifungo viwili vya shati, akajifuta jasho, akasema walimu tunalipwa kwa kusema lolote.

Kasese ilimbadilisha. Juu yake, bondeni Kilembe, uko mgodi wa shaba uliofunguliwa 1956 na kusimama 1982, na kiongozi tuliyepewa, Mkonzo mwenye miguu myembamba na mapafu ya farasi, alikuwa na baba aliyefanya kazi mle chini. Basi. Kuanzia hapo mimi nikawa mzigo. Wawili hao waliongea Kiswahili, kwa kuwa Wakonzo wana ndugu zao Wanande ng'ambo, kule Beni na Butembo, na Kiswahili cha kiongozi kilikuwa kimekulia hukohuko. Waliongea habari za mwamba unaolia kabla ya kuanguka, habari za wake wa wachimbaji, habari za wahandisi wasiosikia la mtu. Tulipofika Nyakalengija, pale njia inapoanzia, kiongozi akatupanga mstari kukagua vifaa. Kwa shemeji alisimama muda mrefu, kama jenerali mbele ya gwaride. Gambuti: safi. Tochi ya kichwani: safi. Koti, kamba, kofia: safi kabisa.

Kisha akainama kwenye miguu yangu.

"Mwalimu, viatu hii iko ya bei. Lakini haiko na akili."

Sikumwelewa, kwa sababu nilikuwa bado sijaiona Rwenzori. Mlima huu si volkano kama Kilimanjaro. Ni bonge la mwamba wa kale lililosukumwa juu na mpasuko wa bonde la ufa, na mawingu yote ya msitu wa Kongo hujikwaa hapo. Shinyanga katika mwaka wa kawaida hupata mvua ya milimita kati ya 600 na 900, na mwaka usio wa kawaida tunaukumbuka kwa jina. Huku juu hupita 2,000 bila mtu kusema asante. Hicho kinachoitwa kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, ni majira ambayo mvua hupumzika ili inywe chai. Kwa hiyo njia si njia, ni mfululizo wa matope yenye majina, na wenyeji huyapanda kwa gambuti tangu gambuti zilipovumbuliwa. Miguu ya shemeji ilikuwa imefanya mazoezi ya Rwenzori miaka kumi na zaidi, duarani, bila kujua.

Ila hata yeye alipata lake. Chini ya kituo cha Nyabitaba, kilicho kwenye mita 2,651, msitu bado mnene na Mto Mubuku unanguruma pembeni, kiongozi alisogeza tawi ili atuonyeshe kinyonga. Kinyonga dume wa milima hii ana pembe tatu usoni, mbili juu na moja chini kidogo, na hukugeuzia jicho moja huku lingine likiendelea na shughuli zake. Mimi nilitoa simu nipige picha. Nilipogeuka, shemeji hakuwepo. Mtu anayeshuka kwenye shimo jeusi kwa kamba moja, chini ya mwamba ulioshikiliwa na magogo, alikuwa amesimama mita hamsini nyuma, kofia ngumu kifuani. Kwa Wasukuma wengi kinyonga ni mkosi hata akiwa hana pembe. "Huyo ana antena," alipiga kelele. "Anaongea na nani?"

Alikubali kupita baada ya kiongozi kulirudisha tawi, na akapita akitazama upande wa mto.

Mvua ilitupokea asubuhi iliyofuata na haikutuacha tena. Shemeji hakuilalamikia kwa kuwa inalowesha. Aliilalamikia kwa kuwa inapotea. Katika utoto wake aliwahi kuona wazee wa Kishapu wakienda kwa mganga wa mvua na mbuzi mweusi, na hata sasa maji ya bomba ya Shinyanga husukumwa kwa mashine kutoka Ziwa Victoria, kule Ihelele. Sasa anapita kwenye nchi ambayo mawe yanamwagiliwa usiku na mchana. "Nani kapanda hapa?" aliuliza, akionyesha mwamba. "Hata muhogo hakuna! Ng'wanawane, hii mvua ina anuani ya kwetu, imepotezwa njiani."

Soli ya kulia iling'oka kabla ya kituo cha Guy Yeoman. Niseme ilivyokuwa, kwa faida ya wateja wengine wa mitumba. Gundi ya viatu hivi huoza kwa umri, hata viatu vikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje vinang'aa, kwa ndani vimeshakufa. Nilikanyaga tope, nikavuta mguu. Mguu ukaja. Ngozi ikaja. Kamba nyekundu zikaja zimefungwa vizuri. Soli ikabaki chini, meno juu, na tope likaanza kuifunika taratibu. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, mwingine hewani ukiwa na kiatu kisicho na chini, soksi imetokeza. Wapagazi walipita kando yangu wakinisalimia kwa adabu kubwa, adabu ya watu ambao wamewekeana dau.

Shemeji aliifukua soli, akaiosha kwenye kijito, akatoa mipira ya tyubu. Aliifunga kwa mtindo ule wa kufungia mpini wa sululu: mizunguko ya karibu karibu, kila mmoja ukiukaba uliotangulia, fundo chini ya unyayo. Kilifika kituoni. Hapo kiongozi akatoa gambuti za akiba, ambazo muda wote alikuwa nazo mgongoni. Alikuwa akinisubiri tu. Zilikuwa kubwa kwangu kwa namba mbili, na kila hatua zilitoa sauti ambayo kwenye mkutano wa wazazi ingeniondolea heshima. Viatu vyangu vya Ulaya vikafungwa juu ya mzigo, vikapanda mlima vikiwa abiria.

Juu ya hapo mimea inaanza kufanya mambo yasiyo ya kawaida. Miti ya erika, ambayo kwingine ni vichaka, huku ina urefu wa nyumba na imevaa ndevu za kijivu kutoka shina hadi ncha. Lobelia zinasimama wima kupita kimo cha mtu. Seneshio zimekaa vikundi vikundi, shina nene lililofunikwa majani makavu, kichwani majani mabichi makubwa ya kabichi, na kwenye ukungu ukiziona kwa mbali unasalimia. Shemeji alisalimia mara nyingi. "Mwangaluka!" aliiambia moja, akasubiri jibu.

Bujongolo ni jiwe kubwa lililoinama, na chini yake pana pakavu pa kulala. Hapo ndipo Mtawala wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipoweka kambi yake kuu mwaka 1906, akiwa na waongozaji wa milima, wanasayansi na mpiga picha Vittorio Sella, akapanda vilele vyote vikubwa na kuvipa majina. Nilikuwa naieleza habari hiyo kwa sauti ya darasani. Shemeji alikuwa anachungulia dari ya jiwe kwa tochi, anapima kama linaweza kuanguka.

"Mtoto wa mfalme alilala hapa, chini ya jiwe?"

"Ndiyo."

"Na hakuchimba?"

"Hakuchimba. Alipima urefu, akachora ramani, akapiga picha."

"Mtafiti," akasema, akizima tochi. "Hao ndio hutangulia. Kampuni huja baadaye."

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka Kilembe, 1956, miaka hamsini kamili baada ya ramani. Si kwamba moja lilizaa jingine. Lakini darasani kwangu hakuna kijana ambaye angeifikia hesabu hiyo kwa muda mfupi hivyo, na mwalimu wao pia hakuwa ameifikia.

Njia ya Freshfield, pale mlima unapovukwa, iko kwenye mita 4,282 juu ya bahari. Imepewa jina la Mwingereza Douglas Freshfield, aliyekuja 1905 na hali mbaya ya hewa ikamrudisha nyumbani, na mtu akifika pale anaona ni haki jina libaki lake. Kwa urefu huo hewa ina takribani asilimia 60 tu ya msukumo inaokuwa nao pwani. Kichwa changu kilikuwa kinagonga kwa ndani, nahesabu hatua ishirini, nasimama, nasikiliza gambuti zikimalizia sauti yake. Shemeji naye alikuwa ameketi juu ya jiwe, rangi imemhama.

"Duarani hewa ikiwa nzito," alisema kwa vituo, "tunashusha mshumaa. Ukizimika. Tunapandisha mtu."

"Hapa hewa si nzito. Ni nyepesi."

Alitafakari. "Kule chini hewa haishuki. Huku juu hewa haipandi. Sasa yenyewe huwa inakaa wapi?"

"Katoro."

"Basi tuifuate."

Akatoa kiberiti apime kwa utaratibu wa kazini. Njiti zote zilikuwa zimelowa. Kwa sheria za duara, mshumaa usipowaka mtu hupandishwa, na kwa kuwa pale hapakuwa na pa kupandishwa zaidi, kiongozi alimshusha. Kushuka kulitusaidia wote wawili. Ukungu ulipasuka kidogo, na chini yetu, katikati ya kuta za miamba, likatokea bonde na ndani ya bonde maji.

Kitandara ni maziwa mawili madogo, yamekaa jirani kwenye bonde kati ya Mlima Baker na milima ya upande wa pili, zaidi kidogo ya mita 4,000 juu ya bahari. Kibanda cha wageni kiko ukingoni kabisa. Maji ni ya kijani kinachokaribia weusi, seneshio zimeyazunguka zikijitazama, na ukuta wa Baker unapanda moja kwa moja kutoka upande mmoja. Nilikuwa na machozi, na sehemu yake tu ndiyo ilitokana na kichwa kuuma. Miaka yote ile ya chaki ya buluu, na kumbe rangi haikuwa buluu.

Shemeji alilitazama ziwa kutoka mwanzo wake mpaka mwisho wake, jambo lisilochukua muda.

"Hili?"

"Hili."

"Mwalimu. Lambo la Kishapu ni kubwa kuliko hili. Na lambo lile ng'ombe wanakunywa." Akatazama ukingo kushoto na kulia. "Hapa wanaingilia wapi?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto. Kwamba zamani theluji ilianguka juu ya kuta zile kuliko ilivyoweza kuyeyuka, ikajishindilia kwa uzito wake hadi ikawa barafu ngumu, na barafu hiyo ikaanza kuteremka polepole mno. Ilijigandisha kwenye mwamba, na kila ilipojivuta iling'oa vipande. Vipande vikanasa chini yake, vikawa meno. Ikasaga mwamba hadi ukawa unga. Palipokuwa laini ikachimba zaidi, ikaacha bakuli. Ilipoishiwa nguvu ikamwaga mbele yake mawe yote iliyokuja nayo, yakawa tuta. Kisha ikayeyuka, maji yakabaki nyuma ya tuta.

Alinyanyua mkono. "Subiri. Kung'oa, hiyo ni kazi ya moko. Kusaga ni karasha. Bakuli ni duara lililojaa maji, na lile tuta ni magwangala."

Msomaji asiye wa Geita aelewe kwamba magwangala ni mawe mabaki ya mgodi mkubwa, ambayo wananchi wameyadai kwa miaka kwa imani kwamba hayakosi punje. Hakuna neno la heshima kuliko hilo kwa lundo la mawe.

"Ndivyo ilivyo," nikasema.

"Kwa hiyo mwaka mzima unawafundisha watoto habari za mwalo mmoja?" Mwalo kwao ni pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa.

Kisha akataka kujua aliyechimba yuko wapi. Kiongozi akanyoosha kidole kwenye mawingu, upande wa vilele, akasema alikuwepo mkubwa zaidi wakati wa babu yake. Nikaongeza hesabu: mwaka 1906 mito ya barafu iliyohesabiwa kwenye milima hii ilikuwa 43, juu ya milima sita, kufikia 2005 chini ya nusu ndiyo iliyokuwa imebaki, kwenye milima mitatu tu. Shemeji alisikitika kwa namna yake. Mchimbaji anaondoka, alisema, na hajafukia hata shimo moja. Watu wa mazingira wangemkuta Geita angekoma.

Ndipo akataka kupima kina. Alifunga jiwe kwenye ncha ya kamba ya manila, akasogea ukingoni. Ukingo wa Kitandara si ukingo. Ni mafundo ya nyasi ngumu yaliyosimama kwenye tope, kila fundo likiahidi kwamba litakushika. La kwanza lilimshika. La pili likamshika. La tatu liliegemea upande, na mguu wa kushoto ukaingia hadi pajani. Hakupiga kelele. Mchimbaji akikwama hapigi kelele, anahifadhi hewa. Tulimrushia kamba yake mwenyewe, tukavuta, kiongozi, mpagazi na mimi. Akatoka kwa sauti iliyozizidi gambuti zangu. Mguu ukaja, soksi ikaja nusu. Gambuti ya Katoro ilibaki chini, na nyasi zikarudi mahali pake.

Nilijaribu kutofurahi, na nadhani uso wangu ulishindwa. Pale penye jumla ya gambuti za akiba jozi moja, na jozi hiyo iko miguuni mwangu, vilibaki viatu vyangu vya Ulaya, visivyo na mwenyewe: cha kulia kimefungwa mpira wa tyubu, lakini cha kushoto kizima kabisa, kamba nyekundu. Shemeji alikivaa bila neno. Alishuka mlima wote gambuti kulia, Ulaya kushoto.

Chakula cha jioni kilikuwa makande ya dada, mahindi na maharage alivyovifunga kwa mkono wake ili tusitupe hela kwa vyakula vya wageni. Mpishi aliyatazama, akatazama jiko la mafuta ya taa, akanyamaza. Tuliyabandika mchana. Usiku yalikuwa bado yanagonga sufuria. Kwenye urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100, kwa kuwa hewa ya kuyakandamiza ni kidogo, na maharage hayatambui mapovu, yanatambua joto. Niliyaeleza hayo huku tumbo likinguruma.

"Kwa hiyo yanachemka," shemeji alisema, "lakini hayana nia."

Tuliokolewa na kiroba. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kule chini, ambako maji yana nia, kisha vikakatwa na kuanikwa juani vikakauka. Havitaki jiko. Unatafuna na karanga, unakunywa maji, umeshiba. Kiongozi alionja kimoja, akaita wapagazi. Wakonzo wanakijua kiazi tangu zamani, lakini kiazi kilichopigwa na jua la Shinyanga kilikuwa kigeni kwao, maana jua lenyewe ni geni. Waliketi ukingoni mwa kibanda wakitafuna, mvua ikigonga bati, wakauliza bei ya gunia. Mlinzi wa hifadhi, ambaye alasiri ile alikuwa amemrudisha shemeji akaliweke mahali pake lile jiwe alilofungia kamba, kwa kuwa hifadhini hutoki na jiwe, jani wala unyoya, alikuja naye akapewa konzi mbili. Alikula akasahau kabisa kuandika alichokuwa anaandika.

Asubuhi, wakati mimi napiga picha za ubaoni, shemeji alimwuliza kiongozi maji haya yanakwenda wapi. Yanashuka upande wa Kongo, akaambiwa, yanaingia Mto Semliki, halafu Ziwa Albert. Nikamwambia kwamba na maji ya kwetu, yanayotoka Ziwa Victoria kwa mlango wa Jinja, hupita Kyoga yakafika Albert hilohilo. Kwa hiyo kinachopita Nkome na kinachotoka hapa vinakutana, vinakwenda Misri pamoja. Lilikuwa somo langu zuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Shemeji alisikiliza hadi mwisho.

"Gambuti yangu nayo?"

"Gambuti imekwama."

"Ikichomoka."

"Ikichomoka, Misri."

Hilo ndilo aliloanza nalo aliporudi mwaloni, akiwa tayari amechukua moko wake Mutukula, kwa mama wa chai, ambaye aliutumia kupasulia kuni. Nilikuwepo siku hiyo. Karasha ilizimwa watu wasikie. Ziwa, kwa maelezo yake, ni duara la barafu lililoachwa na mwenyewe. Kinyonga alikuwa na pembe tano. Na mwalimu alipanda pekupeku. Mzee mmoja aliyekuwa anapiga karai pembeni, mtu aliyeona rashi nyingi za dhahabu na kuhama kwingi, aliinua uso akauliza lina ukubwa gani. Shemeji akamwonyesha kwa mkono: kutoka hapa hadi kwa mama ntilie, uzidishe mara kadhaa. Mzee akafumba jicho moja.

"Pampu?"

"Za inchi tatu, nne zinatosha. Tatizo ni kufikisha dizeli. Na kuna mlinzi."

"Mkali?"

"Jiwe moja tu, alinirudisha nikaliweke."

Mzee alizungusha karai lake, akamwaga mchanga, akachungulia kilichobaki. "Si mlisema anapenda matobolwa?"

Dada amekataa kuyatengeneza mengine.